Bando Linaishia Porini: Dereva wa Barabara ya Kusini Ana Kata Gani?



Baba mdogo wangu anaendesha semi. Anapakia saruji Mtwara, anashusha Dar es Salaam, kisha anarudi na chochote atakachopata: mabati, soda, mchele. Barabara ya Kusini anaijua shimo kwa shimo. Ada yangu ya chuo sehemu kubwa imetoka kwenye barabara hiyo, kwa hiyo hili ninaloliandika sijalisikia kijiweni.

Akiwa safarini anajiunga bando la siku. Anajua fika kwamba la mwezi lina nafuu, lakini la mwezi linataka hela ya mkupuo, na posho ya safari haiji kwa mkupuo. Basi anajiunga asubuhi Lindi mjini, saa 24 zinaanza kuhesabiwa, anawasha gari. Akishaiacha Mchinga mtandao unaanza kuchechemea. Vile vipande vya pori kati ya Mbwemkuru na Nangurukuru simu inageuka tochi. Gari likiharibika humo ndio basi tena, analala humohumo. Kesho yake akifika penye mnara, ujumbe wa kwanza kuingia ni huu: kifurushi chako kimekwisha muda.

Kimekwisha muda, wakati MB karibu zote zipo! Amelipia saa 24, amepewa labda saa tisa. Tuambiane ukweli, duka gani lingine linakuuzia kilo ya sukari, linakufungia mlango usiitumie, halafu jioni linakunyang'anya kilichobaki?

Kuna watu watasema dereva anatafuta intaneti ya nini, si aendeshe gari? Hao hawajawahi kukaa na dereva. Mzigo wa kurudi nao siku hizi unatafutwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Faini ya trafiki inalipwa kwa simu, kwa namba ya malipo. Hela ya kununua tairi inatumwa na tajiri kwa simu. Picha ya mzigo uliofika inatakiwa kwa simu. Hata ufuta na korosho za Lindi zinanadiwa kwa mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi anabofya akiwa ofisini kwenye kiyoyozi, na anayekwenda kuubeba huo mzigo hajui hata kama mbele njia inapitika.

Kutojua huko kuna gharama yake. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliivunja barabara Somanga, hapahapa Kilwa. Lindi na Mtwara zikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Picha za barabara iliyomezwa na maji zilizunguka kwenye simu za nchi nzima. Baba Mdogo hakuziona. Alikuwa porini bila mtandao, akaendelea kukanyaga mafuta kuelekea kwenye shimo ambalo sisi wa chuoni tulikuwa tumeshalitazama kwenye video. Alijua barabara imekatika alipoikuta foleni ya malori. Angeipata ile picha akiwa Lindi, angelala Lindi. Mama mdogo alikaa siku mbili bila kusikia sauti yake, anapiga, hapatikani, na kila anayeingia pale nyumbani anakuja na stori ya gari lililosombwa. Namshukuru Mungu la kwake halikuwemo.

Barabara ilipokatika, waziri wa ujenzi wa wakati ule alipiga kambi hukohuko na mitambo ikamwaga mawe usiku na mchana. Vizuri, hilo nalisifu. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikadorora karibu Afrika Mashariki yote. Mjini vilio! Benki zinalia, ofisi zinalia, wanafunzi tunalia. Baba Mdogo akacheka tu: "Mwanangu, nyinyi mnalia siku mbili tatu. Sisi huku ndio maisha."

Sasa niongee kama mwanafunzi wa sheria. Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya mwaka 2003, kifungu cha 5, inaitaka TCRA ihimize huduma ziwafikie watumiaji wote, wakiwemo wa kipato cha chini na wa vijijini. Mwaka 2006 Bunge likatunga sheria nyingine, ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mantiki yake ni rahisi. Kampuni haitajenga mnara mahali pasipo na faida, kwa hiyo kampuni zote zichangie mfuko, na mfuko ulipie ruzuku ya minara ya huko. Kwa hiyo mtu akikuambia "kampuni ni biashara, haziwezi kujenga porini", mjibu kwamba jibu la hoja hiyo lilishatungiwa sheria, na sheria yenyewe ina umri wa kupiga kura.

Mei 2023 palisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Najua watanirushia namba hiyo. Sawa, kata iliyopata mnara imepata, na wananchi wake wanastahili. Lakini soma tena hesabu hiyo: kata, vijiji. Mfuko unahesabu watu walipolala. Dereva na utingo wake wakiwa kazini hawana kata. Wapo kati ya kata na kata, kwenye kilomita ambazo hakuna diwani anayeziombea mnara wala mbunge anayezipigia kura. Shida ndio hiyo, na haiondoki kwa kuongeza namba za kata peke yake.

Msiniambie pori la Kilwa halipitiki. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba jingine, kutoka Mtwara, nalo likapita Somanga. Kinachotoka Kusini kikitakiwa mjini, njia hupatikana.

Na dereva huyu halipiwi na mtu. Sheria ya Fedha ya 2021 iliongeza sh 100 kwenye kila lita ya mafuta, na semi inakunywa mafuta kama ngamia. Kwenye bando kuna ushuru wa bidhaa, kisha VAT juu yake. Kodi anaitoa kila kilomita. Huduma anaipata penye mnara tu.

Halafu kuna kuzimiwa kwa makusudi. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na uhuru wa kufanya mawasiliano. Haikuandikwa kwamba haki hiyo inasimama siku serikali ikiwa na wasiwasi. Aliyekuwa njiani na lori siku hizo alihitaji taarifa kuliko sisi tuliojifungia ndani.

Madai yangu ni manne:

1. UCSAF itangaze zabuni za minara kwa vipande vya barabara kuu, siyo kwa kata peke yake. Ianze na Kibiti hadi Lindi.
2. TCRA ipime na kuchapisha ramani ya mtandao barabarani, ili tujue kampuni gani inakatika wapi.
3. Bando lililolipiwa lisife kwa saa. Liishe likitumika.
4. Tahadhari za hali ya hewa, taarifa za barabara kufungwa na malipo ya serikali vifunguke bila bando.

Aprili 2021 vifurushi vipya vilipopandisha gharama, vijana walichachamaa mtandaoni na serikali ikavisitisha haraka. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi. Ila waliopiga kelele siku ile walikuwa na bando la kupigia. Dereva aliyekwama Mbwemkuru hakuingia kwenye huo mjadala, na hataingia tusipomuingiza sisi.

Kila mmoja wetu ana dereva kwenye ukoo. Mpigie leo, kama anapatikana. Muulize mtandao unakatika wapi, andika jina la mahali, daraja, kijiji cha jirani. Leteni orodha hizo kwenye vikao vya matawi, kuanzia Kilwa, Mchinga na Lindi mjini. Ile sheria ya 2003 iliunda pia Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Tutawapelekea kwa maandishi, na nakala kwa TCRA, tuone watajibu nini.

Mimi nimeanza na ya Baba Mdogo. Amenitajia sehemu kumi na moja, na alikuwa anaendelea kutaja, simu ikakata.