Vijana Waendapo Faraghani

Wako watu wasemao ya kuwa vijana wa Nyakakika wakikusanyika siku tatu kusali wanapoteza wakati, maana kahawa yangoja kuchumwa na migomba yataka kupaliliwa. Wako na wengine wasemao ya kuwa siku tatu hizo zatosha kumfanya kijana mtu mpya. Mimi sikubaliani na hao wala hao, lakini wa pili wanitia hofu zaidi.

Someni habari iliyo katika Injili ya Marko, mlango wa sita. Wanafunzi walirudi kutoka kazini wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuipata, na Bwana wao akawaita waende naye mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Waliposhuka chomboni, makutano yalikuwa yamekwisha kuwatangulia. Basi siku ile ile wale waliokwenda kupumzika ndio waliogawa mikate mitano na samaki wawili.

Na wazee wetu wa Karagwe na Buhaya, kabla hawajapata Kitabu, walijua udugu ni kitu gani. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliweza kufanya omukago: kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, buni ya kahawa ikatiwa damu yake, na mwenziwe akaimeza. Tangu siku hiyo nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwenziwe, na kumsaliti kulikuwa jambo la kutisha. Sisemi turudie damu ile. Lakini kijana aliyeimba na mwenziwe siku tatu, kisha mwenziwe akaugua majuma mawili asiende kumtazama, ushirika wake haujafika hata nusu ya ule wa babu yake aliyeitwa mpagani.

Katika miaka ya 1930 uamsho ulitokea Gahini, katika nchi ya Rwanda, ukaenea Uganda, ukafika hata kwetu upande huu wa ziwa. Waliouandama waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Waliungama mbele ya wenzao, na wengi walikwenda kwa miguu yao wenyewe kurudisha walivyoviiba. Walikuwa na makosa yao. Wengine walipenda mno kuwahukumu wasiosema kama wao. Hata hivyo hawakungoja mkutano mkubwa wa mwaka. Walikutana juma kwa juma, watu wachache, wakiulizana hali za roho zao. Josiah Kibira, aliyezaliwa katika nchi ya Bukoba mwaka 1925, alikuwa mtu wa uamsho huo. Mwaka 1964 akawa askofu, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Kitabu alichokitoa mwaka 1974 chahusu jambo hili hili, Kanisa na ukoo.

Kwa hiyo sioni haja ya kuwajaza vijana mahubiri tangu alfajiri hata usiku. Wapeni saa ya kunyamaza. Wapeni na kazi ya jikoni, maana tabia ya mtu huonekana upesi zaidi penye rundo la ndizi za kumenya kuliko penye kwaya. Yule aliaye machozi wakati wa sala, naye hujificha maji yanapotakiwa kisimani, na aambiwe kwa upole na mwenziwe, papo hapo, wala si na mchungaji.

Tena mkutano na uwekwe mwezi ule ule wa kuchuma kahawa. Siku mbili ziwe za sala na mafundisho, na siku ya tatu vijana wote waingie katika kibanja cha mjane asiye na mtu wa kumchumia. Wale wanaonung'unika habari ya kahawa hawatakuwa na neno, na labda mmoja wao atakuja na kikapu chake.