Uso wa mtoto si shaba ya kufua



Juma lililopita mvulana wa miaka 15 aliingia darasani kwetu na shavu limevimba. Mama yake alifikiri amepigana njiani. Tulipokaa naye pembeni akasema alijigonga mwenyewe, kila jioni, ili mifupa ya uso iwe mikali kama ya wanaume anaowaona katika simu.

Mambo haya yametoka Ulaya na Marekani, lakini simu inayafikisha Katuba na Ruashi pia. Wanaoyafundisha wanasema mfupa ukigongwa unakua vizuri. Ni uongo. Mfupa unapata nguvu polepole, kwa kutembea na kubeba. Ukigongwa unapasuka, na meno, macho na mishipa ya fahamu vinaweza kuharibika.

Tena jeraha si mwisho. Baadhi ya wafundishaji hao wanamwambia kijana kwamba sura yake imekwisha kumhukumu, na kwamba wasichana ni adui. Aprili 2018, mjini Toronto, Kanada, mtu aliyesifu mawazo hayo ya chuki aliwagonga kwa gari watu waliokuwa wakitembea. Siku ile walikufa 10.

Tulitaka kumkaripia yule mvulana. Akatuuliza kwa upole: «Madamu, na mafuta anayopaka mama ili awe mweupe?»

Tulinyamaza. Mafuta mengi ya namna hiyo yana hidrokinoni, inayoweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Mengine yana zebaki, inayoharibu figo na kumdhuru hata mtoto tumboni. Nasi walimu tumewahi kununua kopo lile sokoni. Mtoto aliyeona kwamba nyumbani ngozi inabadilishwa, atashangaa nini akiambiwa mfupa nao unabadilishwa?

Basi, wamama, tufanye hivi. Tusimcheke mtoto pua, rangi wala wembamba, hata kwa mzaha. Tusimnyang'anye simu kwa kelele. Tumwombe atuonyeshe anachotazama, tukae naye. Akiwa na uvimbe usoni, tumuulize taratibu, halafu tumpeleke hospitali. Na baba, au mjomba, azungumze naye pia, maana mvulana anatafuta mwanaume wa kumfuata.

Yule wetu alionwa na mganga, mfupa haukuvunjika. Nasi kopo letu tumeliacha. Jumapili, kikundini, tuambiane nani mwingine ameliacha lake.