Vigimbi Vinene Si Ushahidi wa Nguvu

Mtoto wa kiume mwenye vigimbi vinene aghalabu husifiwa kuwa atakuwa mchezaji hodari. Sifa hiyo yaweza kuficha dalili ya ugonjwa wa Duchenne, maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli. Katika ugonjwa huu unene hautokani na nguvu: nyuzi za misuli hufa kidogo kidogo, na nafasi yake hujazwa na mafuta pamoja na tishu ya kovu. Msuli huonekana umejaa, ilhali uwezo wake umepungua.

Chanzo ni hitilafu katika jeni iliyomo kwenye kromosomu X, inayoelekeza utengenezaji wa protini iitwayo distrofini. Protini hiyo hukinga utando wa uzi wa msuli usichanike kila msuli unapojikunja. Ikikosekana, uzi huumia, hujirekebisha, huumia tena, hata uwezo wa kujirekebisha ukaisha.

Dalili huonekana mapema kwa anayezitafuta. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa taabu na, akitaka kuinuka kutoka sakafuni, hujisukuma kwa kushika magoti na mapaja yake. Huyo hastahili kuitwa mvivu, wala haitoshi kumwambia mama asubiri. Kipimo cha damu cha kreatini kinesi chapasa kufanywa bila kuchelewa. Vimeng'enya vya ALT na AST vikipanda, ikumbukwe kuwa hutoka pia kwenye misuli. Vinginevyo mtoto atachunguzwa ini lisilo na kasoro, huku miaka ikipita.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini hiyo si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu. Prednisoloni, ikitumiwa chini ya uangalizi wa daktari, huchelewesha siku ya kupoteza uwezo wa kutembea. Mazoezi ya kunyoosha viungo hupunguza kukakamaa. Moyo, ambao nao ni msuli, hupaswa kupimwa hata kabla haujalalamika.

Tena, mama asilaumiwe. Kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa hitilafu huzuka upya, bila mama kuwa nayo. Na aliye nayo hakuichagua. Anachostahili ni ushauri nasaha kabla ya mimba nyingine. Lawama haijapata kuwa sehemu ya matibabu.