Masomo ya Masafa, Wodi ya Karibu

Chovai ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni nchini Somalia, kati ya Koyama na Chula, na njia yake ni moja tu, bahari. Mama aliyeshikwa na uchungu usiokwisha, au aliyejifungua na damu ikakataa kukoma, hupelekwa Kisimayu kwa chombo, na chombo hakiondoki kwa sababu mgonjwa amezidiwa. Huondoka maji yakiruhusu. Mahali pa namna hiyo, swali la kama muuguzi wa cheti anaweza kusomea nyumbani hadi awe muuguzi kamili aliyesajiliwa lina uzito kuliko kupandishwa cheo. Kisiwa chenye muuguzi mmoja hakiwezi kumtoa aende kukaa darasani miaka miwili. Siku aliyopanda mashua na sanduku lake, zahanati imefungwa. Ndiyo maana wengi wanaolifikiria jambo hili hufika haraka kwenye jibu lile lile: asipoweza kukifuata chuo, chuo kimfuate yeye, kwa simu, kwa kompyuta, kwa vitabu. Nakubaliana nao nusu ya safari. Kwenye nusu iliyobaki nadhani wanapima umbali usio wenyewe. Wanapima kutoka kwa mwanafunzi hadi darasani, na huo teknolojia imekwisha kuufupisha. Ulio mgumu ni ule wa kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mgonjwa anayehudumiwa mbele ya mtu anayeijua kazi, na huo hakuna simu iliyoufupisha bado.

Mfano ulio karibu uko ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na wauguzi wa cheti wapatao 22,000, na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilitaka wafikie kiwango cha stashahada ili wasajiliwe. Hesabu ya wakati ule ilionyesha kwamba kwa nafasi za madarasa zilizokuwepo kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Yaani wengi wa wahusika wangestaafu, na baadhi kuzikwa, kabla ya zamu yao. Mwaka 2005 AMREF, shirika lililoanza 1957 kama huduma ya madaktari wa ndege, likishirikiana na Baraza, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, likaanzisha masomo kwa njia ya kompyuta. Walianza na vyuo 4 na wanafunzi 145. Katika miaka iliyofuata wakajiunga maelfu, na mpango ukaigwa Uganda na Tanzania. Hakuna sababu ya kuudharau. Ulithibitisha kwamba mtu mzima mwenye zamu za usiku, watoto na shamba anaweza kusoma fiziolojia baada ya kazi na akafaulu mtihani ule ule wa Baraza anaoufanya aliyelala bwenini.

Lakini tazama mpango ule ulisimama juu ya nini. Waliojiunga walikuwa wauguzi tayari, wenye vyeti vinavyotambulika na daftari la majina yao kwenye Baraza moja lenye nguvu ya sheria. Waliajiriwa katika hospitali na vituo vyenye wenzao waliosajiliwa, na mafunzo ya vitendo waliyafanya wodini chini ya usimamizi. Kompyuta ilibeba nadharia peke yake. Mengine yote yalibebwa na mfumo uliokuwepo kabla ya kompyuta kufika. Ukiichukua kompyuta ukaivusha mpaka Chovai na kuuacha ule mfumo Mombasa na Nairobi, umevusha kasha.

Chukua jambo moja ambalo muuguzi au mkunga aliyesajiliwa hutarajiwa kulimudu: kifafa cha mimba. Mjamzito presha imepanda, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, kisha mwili unaanza kukakamaa. Dawa ni magnesiamu salfeti, na utaratibu wake umo katika kila mwongozo: gramu 4 polepole kwenye mshipa, halafu gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, na baada ya hapo gramu 5 kila saa 4. Mistari hiyo mtu huihifadhi jioni moja. Kazi iko kabla ya kila dozi inayofuata. Sharti uhesabu pumzi za mama zisipungue 16 kwa dakika, uhakikishe mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, na ugonge chini ya kifuu cha goti uone mguu ukiruka. Mguu usiporuka, dawa imeanza kuzidi mwilini, na ukichoma nyingine pumzi zinaweza kusimama. Hapo unazuia dozi na kuweka tayari kalisiamu glukoneti. Sasa, goti la mama aliyevimba miguu, amelala kitandani nusu fahamu, taa ni ya tochi, huruka kidogo sana. Kulijua ruko lile dogo kuwa ni ruko, na kutolihesabu tetemeko la mkono wako mwenyewe kuwa ni ruko, ni jambo ambalo mkono hujifunza kwa mkono. Video hukuonyesha goti zuri la kijana mwenye afya. Anayekwambia "hapana, gonga tena, hapa chini kidogo" lazima awe amesimama kando yako.

Wala hili si suala la hisia za kizamani za kupenda wodi. Ushahidi upo, na mzuri zaidi umetoka Tanzania. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri mno. Chumbani, kwa watoto halisi, hapakubadilika kitu cha maana. Hospitali haikuachia hapo. Ikaleta mazoezi mafupi, ya dakika chache, yanayorudiwa mara kwa mara pale pale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi 1,000. Mdoli ulikuwa ule ule na maarifa yale yale. Kilichobadilika ni mahali na marudio. Utafiti mwingine, wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: katika zile zilizopewa utaratibu mpya, wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu inayomtoka mama, wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, na kila hospitali ikawa na watu wake wa kuisimamia kazi hiyo. Visa vya damu kutoka kupita kiasi na matatizo makubwa yanayoambatana navyo vilipungua kwa asilimia 60. Mfuko ule ni kitu rahisi. Bila mtu wa kuusimamia, ungeishia kabatini kama vilivyoishia vingi.

Wanaoyapinga masomo ya masafa kwa ujumla wake hutumia hoja hizi hizi na kuzifikisha mbali kuliko ninavyozifikisha mimi. Husema yatazaa muuguzi wa daraja la pili, na hutaja Marekani. Huko kuna muuguzi wa vitendo, aliye chini ya muuguzi aliyesajiliwa, na kwa miongo kadhaa chuo cha Excelsior cha New York kimewapandisha wa namna hiyo kwa masomo ya mbali. California ilikataa kuwasajili walioanza masomo hayo baada ya Desemba 2003, kwa sababu hawakuwa wamefanya vitendo chini ya mkufunzi kama sheria yake inavyotaka. Kisha Januari 2023 ikafichuka biashara ya Florida: zaidi ya vyeti 7,600 vya uuguzi viliuzwa kama maandazi, na watu 25 wakashtakiwa. Hoja nzito hizo, lakini zisome vizuri. Florida wanunuzi hawakusoma kwa mbali; hawakusoma kabisa. Na California haikuwa na ugomvi na nadharia iliyosomewa nyumbani, iligombania saa za wodini. Majimbo mengine yalikubali vyeti hivyo, mengine yakaongeza masharti ya vitendo juu yake. Kwa hiyo mfano ule unaopigiwa mbiu dhidi ya masomo ya masafa unaunga mkono sehemu moja tu ya pingamizi, ile ninayoiunga mkono na mimi.

Pingamizi la upande wa pili lina hekima zaidi, nami nimelifikiria sana. Kwa nini tumsumbue huyu muuguzi na stashahada? Somalia ina mpango wake wa Marwo Caafimaad, wanawake wanaofundishwa kwa muda mfupi na kuhudumia majirani zao. Kwa nini fedha zisiende huko, au zinunue mashua ya wagonjwa na friji ya oksitosini, dawa isiyopenda joto? Jibu langu ni kwamba mashua na friji zinunuliwe, na mapema. Ila takwimu za nchi yenyewe, za uchunguzi uliotolewa 2020, zinasema vifo vya uzazi ni 692 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kwamba ni asilimia 32 tu ya uzazi iliyohudumiwa na mtu mwenye ujuzi. Mhudumu wa mtaani humtambua mama aliye hatarini na kumwelekeza hospitali. Ushauri huo hufaa palipo na gari. Kisiwani, bahari ikiwa imechafuka, humwelekezi mtu popote. Yeyote aliyepo ndiye hospitali. Na elimu ya aliyepo ina uzito unaopimika: utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika nchi 9 za Ulaya, wa 2014, ulikuta kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10 katika hospitali, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ulipungua kwa asilimia 7. Ulaya si Chovai, wala shahada si stashahada, na utafiti wa aina hiyo huonyesha vitu vinavyokwenda pamoja bila kuapa kwamba kimoja kimezaa kingine. Hata hivyo mwelekeo wake unaeleweka. Mwenye elimu zaidi huona mapema kwamba hali imegeuka.

Atakimbia, wengine husema. Mpe usajili, kesho yuko Mombasa, keshokutwa Ghuba. Pengine. Wabajuni wanajua kuhama kuliko wanaowahubiria: baada ya dola kuvunjika 1991 wengi walivuka hadi Kenya, na kambi ya Jomvu, Mombasa, iliwahifadhi miaka ya 1990. Lakini anayesomea kwake, huku analea na analipwa, ana sababu ya kubaki ambayo aliyekwishaonja miaka miwili ya mjini huenda hana tena. Kwa wanawake hili lina nguvu zaidi, maana mume na wazee watakaokataa safari ya miaka miwili wanaweza kukubali wiki sita kwa ndugu wa Kisimayu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya kukimbia ni mlango wa kuingilia. Mtu aliyejifunza uuguzi kambini, au kwa kumfuata daktari akimshikia sinia, huenda hana cheti cha shule cha kumpeleka chuo chochote. Na lugha: vyuo vya uuguzi vya Kenya na Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, serikali yake huongea Kisomali, na yeye huwaza kwa Kibajuni. Mpango usioanza na mwaka wa kujiandaa, wa Kiingereza na hesabu za dozi, utamchuja huyu kabla ya somo la kwanza, kisha utaandika katika ripoti kwamba visiwani hakukujitokeza mwombaji.

Basi fedha ziende wapi? Nyingi ziende kwa watu ambao hawaonekani kwenye picha za uzinduzi: wasimamizi wa wodini. Kisimayu ina hospitali kuu ya mkoa, ambayo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekuwa ukiisaidia, na mji huo ulipita mikono mingi hadi Al-Shabaab walipoondolewa 2012, kwa hiyo wakunga wenye uzoefu pale ni mali adimu na wana kazi tele. Kumkabidhi mmoja wao mwanafunzi kutoka kisiwani bila kumlipa wala kumpunguzia zamu ni kumwongezea mzigo, na mzigo usiolipwa hutuliwa pembeni. Alipwe, apewe wanafunzi wachache, na sahihi yake kwenye daftari la vitendo iwe na uzito sawa na alama za mtihani: kondo ngapi zilizokwama amezishughulikia mbele yake, watoto wangapi wamepumulishwa, magoti mangapi. Katika kupanga mafungu, simu na vifurushi vya data vije baada ya mtu huyu.

Kalenda, kwa bahati, tunayo tayari na haikutungwa na wizara. Wakati wa kusi bahari hufunga, vyombo vingi hubaki pwani na mgonjwa hawezi kuvushwa. Msimu huo muuguzi lazima awepo Chovai, na ndio msimu wa kusoma nadharia jioni, masomo yakiwa yameshapakuliwa kwenye simu ili mtandao ukikatika yasikatike. Kaskazi ikishika na maji yakatulia, wagonjwa wanaweza kupelekwa Kisimayu bila kuhatarisha chombo, na kisiwa kinaweza kumkosa kwa wiki kadhaa, hasa kama mkunga mmoja wa Kisimayu atavuka kushika nafasi yake. Abadilishane naye. Huyo wa mjini naye atajionea mwenyewe kwamba zahanati ile haina taa ya kutosha kuona goti likiruka, na ataandika barua ya kuiomba.