Osiloskopu ya Zamani Isikimbizwe Mnadani

Kila Juni, mwaka wa fedha unapoelekea ukingoni, haraka ya kumaliza bajeti hupiga hodi kwenye karakana za vyuo vya ufundi. Osiloskopu za zamani huandikwa "chakavu" na kusubiri mnada, zikiwemo zinazochora mawimbi ya umeme bila wasiwasi. Nafasi yake huchukuliwa na vifaa vyepesi vyenye kioo cha rangi. Wenyewe huita hatua hiyo uboreshaji. Kwa chuo kinachofundisha mafundi, ni hasara tupu.

Watetezi wa ununuzi wana hoja zao. Osiloskopu ya kidijitali hunasa tukio la mara moja na kulihifadhi, hupiga hesabu yenyewe, na haimvunji mtu mgongo. Kapasita za zamani hukauka. Vipuri vingine havitengenezwi tena. Sawa. Mwenye kazi inayodai hayo na anunue.

Lakini umri peke yake si kigezo. Maltimita ya HP 3458A ilizinduliwa mwaka 1989, na zaidi ya miaka 30 baadaye Keysight, kampuni iliyorithi kitengo cha vifaa vya kupimia cha HP, ilikuwa bado inaiuza kwa maabara zinazotaka usahihi wa hali ya juu.

Swali zito ni moja: kifaa kikifa, nani atakifufua?

Itazamwe Tektronix 465, osiloskopu ya Marekani ya megahezi 100 iliyotoka miaka ya 1970. Kitabu chake cha ufundi kina mchoro wa sakiti nzima, maelezo ya jinsi kila sehemu inavyofanya kazi, orodha ya vipuri na hatua za kuirekebisha ipime sawasawa. Ikigoma kuwaka, mwanafunzi hufungua kitabu na kuanza na pawa saplai: volti 110, 55, 15, 5, na hasi 8. Upande mmoja ukikosa umeme, mara nyingi mkosaji ni kapasita ya tantalamu iliyopiga shoti. Anaitoa, analehemu nyingine, anapima tena. (Mwalimu asimame karibu, bomba la picha hubeba maelfu ya volti.) Asubuhi hiyo moja imemfundisha kusoma mchoro, kufuatilia kosa na kuheshimu umeme.

Kifaa kipya cha bei nafuu kikifa, mwanafunzi huyo huyo atakuta nini? Kwa kawaida, kijitabu kinachoeleza vitufe. Mchoro hakuna. Ndani mna chipu ambazo miguu yake imefichwa chini ya chipu zenyewe, na ushauri wa muuzaji ni kubadilisha bodi nzima au kukirudisha kiwandani, ng'ambo. Dhamana ikishaisha, kinarudi rafuni kukusanya vumbi. Hicho ndicho kisasa?

Na si hilo tu. Osiloskopu ya kidijitali ya Rigol DS1054Z, iliyosifiwa kwa unafuu wake, iliuzwa kama ya megahezi 50. Watumiaji wakagundua kwamba msimbo tu, bila kubadilishwa kipuri hata kimoja, huifikisha megahezi 100. Yaani mnunuzi amekwisha kubeba kifaa chote nyumbani, kumbe nusu yake amefungiwa! Chuo cha umma kikilipia mpango wa namna hiyo huku kikiuza kwa bei ya chuma chakavu vifaa vilivyo wazi hadi transista ya mwisho, kimeacha kazi yake.

Kabla ya kusaini orodha ya mnada ujao, mkuu wa karakana amtake muuzaji aweke mezani kitabu cha ufundi chenye michoro kamili. Asiyenacho, asipewe zabuni.