Ndoo ya Maji ya Jibini

Lita 10 za maziwa hutoa kilo moja hivi ya jibini. Lita 9 zinazobaki, maji ya rangi ya kijani-njano, mara nyingi huishia mtaroni. Ukimuuliza mwenye mabanda ya mifugo jirani kwa nini hayachoti, majibu anayo tayari.

La kwanza: “Hayo ni maji tu.” Haya, tupime. Ndoo ya lita 20 ina kilo 1.2 hivi ya kitu kikavu, nyingi ikiwa sukari ya maziwa. Protini haifiki gramu 200, lakini ina laisini, ambayo ndiyo mahindi yanapungukiwa. Kwa nguruwe anayeshindia pumba za mahindi, hilo si jambo dogo.

Kwamba nyama itanuka? Nguruwe wa Parma, Italia, hunyweshwa maji yanayobaki kwenye jibini la Parmigiano-Reggiano, na paja lao huuzwa ghali dunia nzima.

Kuna na wa upande wa pili: “Nikiyapata, sinunui tena chakula.” Vipimo vilevile vinamkatalia. Tumbo hujaa maji kabla mwili haujapata haja yake, utafuga kitambi. Pumba, mashudu au soya lazima viendelee.

Kwa kuku, anayesema maziwa yanaua ametia chumvi, ila kuna kitu amekiona. Kuku hana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Akizidishiwa huharisha, maranda yanalowa, na ukiinama bandani amonia inakuchoma macho. Unyevu huo ndio vijidudu vya kuhara damu wanaoutaka, kwa hiyo wanaotibu ugonjwa huo kwa maziwa wanaweza kuwa wanauchochea. Mimi ningelowanishia pumba za asubuhi kwa kiasi kidogo cha maji yaliyochacha, maana sukari yake imepungua, na mabaki niyaondoe kabla ya adhuhuri.

Wengine husema: “Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, mpe nguruwe.” Na dawa iliyomo? Nguruwe naye analiwa na nani?

Maji yaliyotoka kwenye jibini lililokwisha tiwa chumvi usiyaguse: nguruwe aliyekosa maji safi ya kunywa akiyanywa hupepesuka, huanguka, na aghalabu hufa. Ndoo nayo iwe ya plastiki. Maji ya jibini yakichacha hula zinki ya ndoo ya bati, na zinki hiyo inakwenda moja kwa moja horini.