Alama tano za kujianika

Mwenzenu wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi, nikashindilia michembe mpaka tumbo likaomba poo. Ila huko huko nikakutana na kasheshe ambayo nikinyamaza nayo nitapasuka.

Binti wa dada yangu yuko likizo. Anasoma mwaka wa kwanza chuo kikuu kimoja hapa nchini (jina nalimezea, sitaki kesi), na kati ya masomo yake limo la utangulizi wa saikolojia. Jioni moja tumekaa uani akaniambia, "Mjomba, hivi wewe unaweza kuuza siri zako kwa alama tano?"

Nikajua tu kuna mwanaume hapo. Kumbe dodoso!

Anasema mhadhiri aliingia darasani na rundo la karatasi, maswali 90 na ushee. Juu kabisa andika jina na namba ya usajili. Chini yake sasa: ulianza mapenzi ukiwa na umri gani, umewahi kupigwa nyumbani, umewahi kutamani kufa? Utafiti wenyewe ni wa rafiki yake mhadhiri. Tangazo likawa fupi: asiyejaza, alama tano za mazoezi azisahau.

"Ukafanyaje?"

"Nikajaza, Mjomba. Nimedanganya swali la kwanza mpaka la mwisho. Aliyekaa kulia kwangu akanakili."

Nilicheka, jamani! Fikiria mtaalamu anakaa na kalamu yake kuandika tabia za vijana wa leo, kumbe anaandika tabia za watu wawili waliotaka kuwahi chakula. Lakini mtoto hakucheka. Akaniambia lile swali la kupigwa angelijibu kweli, kama angeulizwa na mtu pembeni, bila jina lake pale juu. Hapo nikaacha kucheka na mimi.

Sasa usidhani mhadhiri yule kavumbua kitu. Marekani mtindo huu ni wa siku nyingi. Vyuo vingi kule, ukichukua utangulizi wa saikolojia, unatakiwa utoe saa kadhaa za kuchunguzwa: unajaza fomu, unabonyeza vitufe, unatazama picha. Ila Wamarekani waliweka na mlango wa kutokea. Maadili ya chama chao cha wanasaikolojia yanasema kama kushiriki ni sharti la somo au kunaongeza alama, mwanafunzi lazima apewe kazi nyingine ya uzito ule ule achague mwenyewe. Hutaki kuchunguzwa? Soma makala, andika kurasa mbili tatu, alama zako hizo. Na ukiwa katikati ya maswali ukaona hapana, unaweza kunyanyuka uende zako.

Pamoja na mlango huo, yapo mambo. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Arnett alionyesha kuwa katika jarida moja kubwa la saikolojia, kati ya tafiti zilizotumia Wamarekani, asilimia 67 ziliwachunguza wanafunzi wa masomo ya saikolojia peke yao. Halafu kitabu kinaandikwa "binadamu yuko hivi". Binadamu yupi? Wa Lamadi au wa Los Angeles?

Joseph Henrich na wenzake walishalipima hilo. Mwaka 2001 walitoa matokeo ya mchezo wa kugawana fedha uliochezwa katika jamii ndogo 15 duniani, wakiwemo Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi. Na Wahadzabe si watu wa mbali, wengine wako Meatu, mkoa huu huu wa Simiyu. Mchezo ni hivi: wewe unapewa fedha, unampangia mwenzako fungu. Akikubali, mnagawana. Akikataa, wote mnatoka kapa. Wanafunzi wa Marekani mara nyingi hutoa karibu nusu. Wahadzabe wa kambi ndogo walitoa kama robo hivi kwa wastani, na wapo waliopewa wakasema baki nazo.

Unaona? Mhadzabe kule porini alikuwa na haki ya kukataa ndani ya mchezo wenyewe. Mpwa wangu, msomi wa chuo kikuu, hana.

Na sheria tunazo, tena si za jana tu. Tafiti za afya hupitia ukaguzi wa maadili NIMR, watafiti wa kigeni huomba kibali COSTECH, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwa hiyo siku ukiletewa karatasi, usione haya kuuliza: kibali kiko wapi, jina langu la nini, nani atasoma, nikikataa inakuwaje? Akikasirika kwa maswali manne, wakati yeye kaja na 90, huyo mtilie shaka.

Usiku ule tukaandika barua. Anaomba jina lake lifutwe kwenye lile dodoso, apewe kazi nyingine kwa alama zile zile. Aliirudia mara tatu, akiogopa neno "naomba" limekuwa kali. Asubuhi nikamsindikiza stendi na mfuko wa michembe, barua kaifungia ndani ya daftari. Juzi kanipigia: kaipeleka, mhadhiri kaipokea, kasema "tutaona".

Akijibiwa nitawajuza.